Ubao wa Alama: Mwaka Mmoja wa Mashindano ya Mabweni

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Msomaji afuate karatasi hii huku akisikiliza.)

Natumaini taa imewashwa, na kila mtu ana karatasi yake mbele yake. Kama maandishi huyaoni vizuri, sogea karibu na taa. Hakuna wa kukucheka. Mimi nitasoma polepole, nanyi mtafuata kwa kidole. Nikifika penye tarakimu nitangoja kidogo, ili mwalimu wenu aiandike ubaoni.

Habari yetu leo ni mashindano ya mabweni katika shule. Najua wengi wenu hamkulala katika bweni la shule. Lakini wengi mna watoto huko, au wajukuu. Mtoto anakuja likizo, anashuka garini na sanduku lake, na kabla hajanywa maji anasema, "Mama, mwaka huu tumechukua ngao!" Au anasema kwa huzuni, "Tumeshika mkia." Nawe unamtazama tu. Ngao gani? Mkia wa nani? Basi leo tutajua.

Shule ya bweni huwagawa wanafunzi wake katika makundi. Mara nyingi ni 4, pengine 6. Kila kundi lina nyumba yake ya kulala, na jina lake. Baadhi ya shule huyapa mabweni majina ya milima, nyingine ya mashujaa kama Mkwawa na Kinjeketile. Shule niliyosoma mimi, huku kwetu Mtwara, yalikuwa majina ya mito: Ruvuma, Rufiji, Pangani na Mbwemkuru. Mwaka mzima mabweni hayo hushindana. Hushindana katika mpira, mbio, usafi, kilimo, mijadala na mitihani. Kila ushindi una alama, na alama huandikwa katika ubao mkubwa. Mwezi wa Novemba hujumlishwa, na bweni lenye alama nyingi hupewa ngao au kikombe.

Desturi hii ilitoka Uingereza. Zamani, katika shule kubwa za huko, watoto waliotoka mbali walipangishwa katika nyumba za walimu na za akina mama wa mjini. Watoto wa nyumba moja walicheza mpira na watoto wa nyumba nyingine, na hivyo mambo yakaanza. Waingereza walipotawala Tanganyika walikuja nayo. Serikali yao ilifungua shule ya Tabora mwaka 1925, kwanza kwa ajili ya wana wa machifu. Mwalimu Julius Nyerere alisoma pale tangu 1937 mpaka 1942. Huku kusini shule za bweni za mwanzo zilikuwa za misheni. Waanglikana walikuwa na Chidya, na Wabenediktini walikuwa na Ndanda, ambako alisoma Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, aliyekuja kuwa Rais wetu wa tatu.

Lakini msidhani kwamba watu wa pwani walingoja Waingereza wawafundishe kushindana. Sivyo hata kidogo! Wazee wetu walikuwa na ngoma ya beni. Wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918, na baada yake, beni ilienea pwani na bara. Ilikuwa na pande mbili kubwa, Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na wakubwa wake, mavazi yake na nyimbo zake za kuwapiga vijembe wenzao. Wakishindana mji haulali. Tena mwanachama akiugua, watu wa upande wake walimtazama. Akifa walimzika. Likumbukeni neno hili, maana nitalirudia.

Na hata neno "kiranja" si la shule. Ninyi wazee wa Mtwara mnalijua. Kiranja ni yule mwari anayetangulia wenzake jandoni, wa kwanza kutahiriwa, nao humfuata. Shule imeliazima tu. Siku hizi kiranja ni mwanafunzi anayewaongoza wenzake. Mimi nilikuwa kiranja msaidizi wa bweni la Ruvuma mwaka 1976, nikiwa kidato cha tatu. Sasa nitawasimulia mwaka huo.

Januari walikuja wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza. Mwalimu wa zamu aliwapanga mstari mrefu, akapita akihesabu: moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili, tatu, nne. Wa moja walikwenda Ruvuma, wa mbili Rufiji, na kuendelea. Hakuuliza kabila wala dini. Siku zile serikali ilikuwa ikipeleka vijana shule za mbali na kwao, hivyo Mmakonde wa Newala alilala kitanda cha chini, na juu yake akalala Mhaya wa Bukoba. Mwezi wa kwanza walitazamana kama paka na mbwa. Mwezi wa tatu walikuwa wakigombana na Rufiji pamoja, bega kwa bega. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mabweni, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Sisi viranja tulisimama pembeni, tukiwatazama wale wapya kama wanunuzi mnadani. Kila mmoja aliomba kimoyomoyo apewe mchezaji mpira, mrefu, mwenye miguu. Bweni letu liliangukiwa na kijana mmoja mwembamba, mtoto wa mvuvi, kwao upande wa Msimbati, karibu na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kidogo. Kiranja wetu mkuu alinong'ona, "Tumepewa mzigo." Nami nilicheka. Nasema kweli, nilicheka.

Masika ilikuwa ya shamba. Tangu 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, kila shule ililima. Kwetu kila bweni lilipewa eneo lake la mihogo na kunde, na alama zilitolewa kwa kupima magunia. Bweni moja, silitaji jina, lilitia mchanga chini ya gunia la kunde. Mwalimu wa kilimo alilishika gunia, akatabasamu, akasema, "Kunde hizi zimeota pwani." Wakapokonywa alama 10. Mpaka leo tukikutana wazee wa shule ile tunawauliza bei ya mchanga.

Ulipofika mwisho wa Juni ubao ulisomeka hivi. Andikeni. Rufiji 212. Ruvuma 209. Pangani 187. Mbwemkuru 164. Yaani Rufiji walituzidi kwa alama 3 tu. Hatukulala. Tulihesabu alama kama mchuuzi anavyohesabu senti.

Kisha ukaja Julai, mwezi wa mbio ndefu. Sasa sikilizeni kanuni, maana mambo yote yametoka katika kanuni. Kila bweni lilikuwa na wanafunzi 60. Wote walitakiwa kukimbia, toka shuleni, kupita mashamba ya mikorosho mpaka njia panda, na kurudi. Kila aliyemaliza alilipatia bweni lake alama 1. Asiyekimbia bila ya karatasi ya mganga alilipotezea bweni alama 5. Mbio zilianza saa 12 na nusu asubuhi, kabla ya jua kali. Na mganga wa zahanati alifika kazini saa 2. Mmeona? Mtu akiamka na homa siku ya mbio, hawezi kuipata karatasi.

Alfajiri ya siku ile kijana wa Msimbati alinijia. Alikuwa amejifunika shuka, meno yakigongana. Akasema, "Kaka, kichwa kinaniuma. Naona baridi." Nilimshika shingo. Alikuwa wa moto. Nilikwenda kwa kiranja mkuu. Tulisimama mlangoni, tukapiga hesabu. Asipokimbia, tunapoteza 5. Akitembea tu mpaka mwisho, tunapata 1. Kiranja mkuu akasema, "Aende polepole." Nami nikarudi kwa yule mtoto, nikamwambia, "Jikaze. Nenda polepole." Hakubisha. Angebishaje? Alikuwa kidato cha kwanza, nami kiranja.

Mbio zikaisha. Tukahesabu watu wetu: 59. Tukahesabu tena: 59. Wenzetu walikuwa wakishangilia, nami tumbo lilikuwa limeanza kunikata.

Kiasi cha saa 3 tuliona baiskeli inakuja njiani, inasukumwa. Mbele yupo mzee mmoja ameshika usukani, nyuma yupo mkewe anamshikilia mtu asianguke. Mama yule alikuwa aking'oa mihogo, akamkuta kijana wetu chini ya mkorosho, macho yamegeuka, hajui alipo. Mama alitutazama sisi vijana wakubwa, wenye fulana zetu za bweni, akasema, "Mtoto anawaka moto hivi, nanyi mnacheza mbio?" Hakungoja jibu. Alimfunika kanga yake, akamsaidia kumpandisha katika gari la shule, akapelekwa hospitali ya mjini. Ilikuwa malaria kali. Siku mbili hakumjua mtu. Siku ya tatu aliomba uji.

Sasa nataka mfuate vizuri hapa. Kesho yake asubuhi shule yote ilipangwa mstarini mbele ya ubao wa alama, wanafunzi 240. Sisi wa Ruvuma tulijua tutachapwa. Mkuu wa shule alitoka. Hakuwa na fimbo. Aliuliza, "Nani alijua jana asubuhi kwamba mtoto huyu ana homa?"

Kimya. Kisha kiranja mkuu aliinua mkono. Nami nikainua. Halafu mikono mingine ikainuka nyuma yetu, mmoja mmoja, mpaka ilipata kama 20. Kumbe nusu ya chumba kile walimsikia akitetemeka usiku kucha.

"Kwa nini hamkusema?"

Kiranja mkuu alijibu, "Mwalimu, tungepoteza alama 5."

Mkuu wa shule alinyamaza. Aligeuka akautazama ubao. Pembeni mwa ubao ziliandikwa kanuni zote, na ile ya alama 5 ilikuwamo. Akasema, "Kanuni hii niliiandika mimi." Akachukua kifutio, akaifuta mwenyewe mbele yetu. Nimeishi miaka mingi, na nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi. Wakubwa waliosimama mbele ya watu na kusema maneno kama yale nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Lakini sisi hatukuachwa hivi hivi. Viranja wawili tulivuliwa ukiranja kwa mwezi mmoja, na kila Jumamosi tulikwenda kumsaidia yule mama na mumewe shambani. Hiyo ilikuwa adhabu ya haki. Mama yule alitupa ming'oko ya kuchemsha, na hakututajia habari ile tena, jambo ambalo lilituumiza kuliko kutukana.

Baada ya hapo mkuu wa shule alizibadili kanuni mbili. Ya kwanza: mgonjwa hahesabiwi. Bweni lisipomleta mgonjwa wake kwa mwalimu wa zamu ndilo linalopoteza alama. Kwa hiyo kanuni iligeuzwa tumbo nje. Ya pili ilileta kelele nyingi zaidi, nayo ni ya mtihani wa hesabu wa Septemba. Zamani bweni lilipata alama kwa wale waliokuwa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Sasa akasema, tutachukua wanafunzi 10 wa chini kabisa katika kila bweni, tujumlishe walichopata, na bweni lenye jumla kubwa ndilo litakaloshinda.

Tulinung'unika! Mimi nilikuwa hodari wa hesabu, nilikuwa nikipata 90 katika 100. Nilimwambia mwenzangu, "Sasa 90 yangu ni ya kazi gani?" Siku chache nikapata jibu. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wale 10.

Kwa kweli nilikuwa mwalimu mbaya. Nilisema haraka, na asiyeelewa nilimwona mjinga. Aliyetuokoa ni yule kijana wa Msimbati. Alirudi kutoka hospitali amekonda zaidi, haruhusiwi kulima wala kucheza. Basi alikaa pale jioni, karibu na karabai, akisikiliza ninavyowafokea wakubwa wake. Usiku mmoja akasema, "Kaka, niruhusu nijaribu." Akawauliza, "Samaki korja 3 na samaki 7, ni samaki wangapi?" Nanyi mlio darasani jibuni. Korja ni 20. Korja 3 ni 60, na 7, ni 67. Wote walijibu kabla mimi sijafungua mdomo. Kisha akaingia kwenye sehemu, zile sehemu zilizokuwa zikiwatesa. Hakuandika kitu. Alisema, "Chombo kimerudi. Fungu moja la chombo, fungu moja la nyavu, mafungu 4 ya watu 4. Kila mtu ana sehemu gani?" Moja ya sita! Watu waliokulia mashambani, ambao hawajapata kuona nyavu, walielewa, kwa kuwa kila mtu anajua kugombania fungu lake.

Andikeni tarakimu hizi. Mwezi wa Mei wale 10 wa bweni letu walipata jumla ya 220, yaani wastani wa 22 kila mmoja. Septemba walipata 410. Mwalimu wenu atawaonyesha wastani wake. Tuliwashinda wote katika mtihani ule. Yule aliyeitwa mzigo aliliingizia bweni alama nyingi kuliko mchezaji wetu yeyote wa mpira, naye mwenyewe hakuwa hata katika wale 10.

Ndugu zangu, msione kama haya ni mambo ya watoto. Hata sisi watu wazima tumepata kushindana. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya 6 zilichaguliwa zitangulie kufuta ujinga wa kusoma mpaka mwisho wa 1971: Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Rungwe, na Masasi ya kwetu kusini. Sasa mtu anaweza kuuliza, tumhesabu nani? Kuhesabu waliojiandikisha ni rahisi. Unakwenda chini ya mwembe, unahesabu vichwa. Kuhesabu wanaojua kusoma ni kazi nyingine, maana ni lazima umpe kila mtu karatasi na ungoje. Kwa hiyo Agosti 1975 ulifanywa mtihani wa taifa zima. Ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, 39 walikuwa hawajui bado. Wakati wa Azimio la Arusha, mwaka 1967, wasiojua walikuwa kama theluthi mbili ya watu wazima wote. Serikali ilihesabu pia wale walioshindwa, ikawatangaza, na kampeni ikaendelea. Mimi naliona jambo hilo ni la heshima. Ingaliweza kuhesabu vichwa vya chini ya mwembe tu, ikajipongeza.

Turudi shuleni, tumalizie. Oktoba tuliokota korosho za shule, mikono ikanuka mabibo mwezi mzima. Novemba ubao ulijumlishwa. Mnangojea niseme Ruvuma tulishinda. Hatukushinda. Rufiji 381, Ruvuma 377. Walituzidi kwa mpira, na kwa haki. Walibeba ngao wakaizungusha uwanja mzima wakiimba, nasi tulisimama tukawapigia makofi, ingawa makofi yale hayakuwa na nguvu sana.

Kijana wa Msimbati mwaka uliofuata alikuwa kiranja wa masomo. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa katika kivuko cha Msanga Mkuu, miaka mingi baadaye. Alikuwa na watoto wawili. Alinisalimu, "Shikamoo, kaka," kama zamani, nami sikuweza kuitika upesi.

Sasa kazi yenu. Mwalimu wa darasa, tafadhali futa ubao. Wanafunzi, tazameni tena hesabu ya Juni. Ruvuma walikuwa na 209. Kama tungalimwacha mtoto kitandani, wengine 59 wangalileta alama 59, na kanuni ya zamani ingalitupokonya 5. Tungalikuwa na ngapi? Na kama angalimaliza mbio, tungalikuwa na ngapi? Toeni ndogo katika kubwa. Jibu mtakalopata liandikeni kwa tarakimu, kisha kwa maneno. Ndilo tulilokuwa tukilipima mlangoni alfajiri ile. Halafu kila mtu aandike jina la mtu mmoja wa darasa hili ambaye leo hakuja, na aseme kama kuna aliyekwenda kumtazama.

Nitawasikia tena wiki ijayo, saa hii hii. Kwaherini.